Simba wa Kitengela: uzio ujengwe mbugani au kwenye mazizi?

MTOA MADA (Tuala, Kajiado)

Habari za jioni, ndugu zangu. Naleta jambo linalotugawa huku kwetu, na naomba tulijadili bila kutukanana. Mkutano wa majirani wiki iliyopita uliishia kwa kelele. Nusu wanadai serikali izungushe uzio wa umeme upande wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, nusu wanasema uzio huo utaiua mbuga. Sikupata nafasi ya kusema langu pale, nalisema hapa.

Kwa wasiopajua: mbuga ilianzishwa 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, na pande tatu zinazotazamana na jiji zina uzio. Upande wa kusini mpaka ni Mto Mbagathi, na ng'ambo ya mto ndipo tulipo sisi, kuanzia Tuala na Empakasi hadi Kitengela na Isinya. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia hutoka mbugani kufuata nyasi za tambarare za Athi-Kaputiei, na simba hutoka nyuma yao. Ndiyo maana mifugo yetu huliwa zaidi wakati wa mvua, si wakati wa kiangazi kama wengi wanavyodhani.

Mimi nafuga mbuzi na kondoo. Novemba mwaka juzi, usiku wa saa nane, simba alikuja zizini. Hakuruka ukuta wa miiba. Alizunguka akasimama upande upepo unakotoka, mbuzi wakapata harufu yake, wakaanza kugongana na kuparamia lango hadi likang'oka, wakatoka wenyewe. Asubuhi nilihesabu 11 wamelala kwenye nyasi, umande juu ya manyoya yao. Wengi hawakuliwa kitu, ni alama za meno shingoni tu. Mwanangu wa darasa la tatu, aliyempa kila mmoja jina, aliwapitia mmoja mmoja. Nilijaza fomu za fidia nikazipeleka pamoja na picha. Mpaka leo sijajibiwa.

Pamoja na hayo, uzio wa kusini naupinga.

Tambarare hizi zilikuwa na nyumbu zaidi ya 25,000 mwaka 1978. Kufikia 2011 walihesabiwa chini ya 3,000. Simba hakuwamaliza. Wamemalizwa na ploti, seng'enge, machimbo ya mawe na barabara zilizokata njia zao. Tukiziba mlango uliobaki, wachache waliosalia hawatakuwa na pa kwenda mvua ikianza. Simba nao vilevile. Dume akifika umri wa miaka miwili au mitatu hufukuzwa na wakubwa wake, akatafute makao yake. Ndani ya kilomita 117 atayatafuta wapi? Mapema 2016 simba walitoka mbugani wakaonekana Lang'ata na hata Barabara ya Mombasa, ambako mtu alijeruhiwa. Hizo ni pande zenye uzio tayari.

Langu ni moja: fedha hizo ziende kwenye mazizi. Uzio uwe pale mfugo anapolala, si pale nyumbu anapopita. Nasubiri maoni yenu.


MPANGAJI WA RONGAI

Dada, pole kwa mbuzi wako. Lakini wewe unazungumzia mbuzi, mimi nazungumzia watoto. Aprili 2025 msichana wa miaka 14 alichukuliwa na simba jike kutoka ndani ya makazi yanayopakana na mbuga hiyo hiyo, na nyayo zikaelekea Mto Mbagathi. Niambie, zizi zuri kiasi gani lingemwokoa yule binti?

Huku Rongai, jirani na mbuga, wengi hatufugi. Tulichanga tukanunua kiploti, au tunapanga chumba kwa sababu mjini kodi imetushinda. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu. Natembea na tochi na fimbo. Fisi nimekutana naye mara tatu. Anasimama, anainamisha kichwa, macho yanarudisha mwanga wa tochi, na hasogei mpaka nipige kelele na majirani waanze kufungua milango. Mke wangu hupita njia ileile na binti yetu mgongoni.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema mtu akiuawa familia inalipwa shilingi milioni 5. Mimi sitaki kulipwa, nataka binti yangu afike shule. Uzio ujengwe.


MZEE WA ISINYA

Wanangu, nawasoma wote wawili na sioni mwongo kati yenu.

Juni 2012 simba 6 waliuawa huku Kitengela, baada ya kuingia bomani na kuua mbuzi na kondoo. Waliotoka na mikuki asubuhi ile niliielewa hasira yao, nami nimewahi kupoteza ng'ombe watatu kwa usiku mmoja. Machi 2016 hapa Isinya akaja yule dume waliyemwita Mohawk. Watu walimzingira, pikipiki huku, simu juu, kila mtu anataka picha. Akamjeruhi mtu wa pikipiki, akapigwa risasi akafa. Ilinisikitisha sana. Simba aliyezingirwa mchana hana njia ila kupita juu yako. Angeachiwa upande mmoja wazi na watu wakakaa mbali hadi giza liingie, naamini angejiondokea.

Jambo la pili ni ardhi. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kutulipa ili tuache ardhi yetu wazi: shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, mradi usizungushe seng'enge, usichimbe mawe, usiuze. Pesa ile ilitoka karibu na kufungua shule, ikalipa karo za wengi. Lakini ekari hiyohiyo dalali anaijia na mamilioni. Kijana wangu aliuza ekari 5, na sikuwa na neno la kumzuia. Mnagombana juu ya uzio mmoja wa serikali ilhali sisi wenyewe tumeshajenga uzio elfu moja, ploti kwa ploti.


MKULIMA WA NYERI

Nimekulia chini ya milima ya Aberdare. Utotoni tulilala kwa zamu tukipiga madebe, na bado ndovu walimaliza shamba la viazi usiku mmoja. Uzio wa umeme ulianza kujengwa 1989, ukakamilika 2009, kama kilomita 400 kuuzunguka msitu mzima. Leo tunalima hadi karibu na waya, na msitu wenyewe umepona kwa sababu wakata miti hawaingii ovyo. Nakuru nako mbuga nzima ina uzio, na faru wanazaliana. Mtoa mada, usituambie uzio ni kaburi. Kwetu uliwaokoa watu ukaokoa na wanyama.


MCHANGIAJI KUTOKA LINDI, TANZANIA

Shikamoo mzee wa Isinya. Dada mtoa mada, pole sana. Wa Rongai, maneno yako yamenigusa, kwa kuwa sisi kusini tumeyaishi.

Kati ya 1990 na 2004 simba waliua Watanzania zaidi ya 560, na sehemu kubwa ilikuwa huku kwetu Lindi na jirani zetu wa Rufiji. Huku hakukuwa na ng'ombe wengi. Watafiti walipofuatilia waligundua kwamba mwenye kumleta simba shambani ni nguruwe pori. Nguruwe anakuja kula mahindi, simba anamfuata nguruwe, na mkulima amelala kwenye dungu la matete kulinda mazao. Simba anamkosa nguruwe, anamkuta mtu. Yule wa Rufiji aliyeua watu wasiopungua 35 hadi alipouawa Aprili 2004 alikutwa na jipu kubwa chini ya jino la gego.

Kuna jambo jingine wazee walikuwa wakilisema na watafiti wakaja kulithibitisha: mashambulizi huongezeka siku zinazofuata mwezi mpevu. Siku hizo mwezi huchelewa kuchomoza, saa za jioni zinakuwa giza tupu na watu bado wako nje, halafu simba ana njaa kwa kuwa mbalamwezi ya siku zilizotangulia ilimharibia mawindo. Bibi yangu siku hizo alikuwa anatuingiza ndani kabla ya magharibi, na choo cha usiku ni ndoo.

Ndugu wa Rongai, jiulizeni nini kinamleta fisi karibu na njia yenu. Machinjio yanamwaga wapi matumbo? Punda akifa anatupwa wapi? Kama chakula chake kiko upande wenu, hata mkijenga uzio wa mbuga atachimba chini yake apite, au atahamia upande huu moja kwa moja.


MFUGA KUKU (Kiserian)

Naomba msiwasahau wadogo. Mimi simba sijamwona, ila mbweha amenimalizia kuku 9 na kicheche wengine sijui wangapi. Nimeshauriwa niweke sumu kwenye nyama. Mnasemaje?


MTOA MADA

Nianze na wa Kiserian, kwa kuwa hili haliwezi kungoja: usiweke sumu, nakuomba. Sumu haichagui. Mbweha atakula, mbwa wa jirani ataula mzoga, tai watashuka juu ya mbwa, na siku moja mtoto ataokota. Mbweha huchimba, kwa hiyo fukia waya futi moja chini au ukunje kuelekea nje na kuuwekea mawe. Kicheche hupenya kwenye tundu dogo sana, hivyo kwa vifaranga tumia waya wa matundu madogo hadi juu. Kuku waingie kabla ya jua kuzama. Na ukimwona mbweha mchana anayumba, au anakukaribia bila woga, ingiza watoto ndani na upige simu kwa ofisi ya mifugo, huenda ana kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Mbwa wako wachanje.

Ndugu wa Nyeri, uzio wa Aberdare naukubali na naufurahia. Lakini ule unazunguka mlima mzima wenye msitu na mito yake, kama kilomita za mraba 2,000. Nakuru yenyewe ni kubwa kuliko yetu. Hii ya kwetu inapumua kupitia kusini. Nyumbu wa mbuga hii si wanyama wa ndani wanaotoroka, wao mwaka wao una nusu mbili, na nusu moja iko kwetu.

Ndugu wa Rongai, maneno yako nimekaa nayo siku mbili. Una haki, na nilikosea kuzungumza kama kwamba kila mtu hapa ana zizi. Yule binti alikuwa nyumbani, hakumfuata simba. Kwa hiyo nalirekebisha langu: makazi yaliyokwisha kujengwa kando ya mto yazungushiwe uzio yenyewe, yote kwa pamoja, si kila mtu kipande chake, na njia ya kwenda shule na kituo cha matatu iwekwe taa. Hilo nitalisimamia mkutanoni. Ninachopinga ni waya mmoja wa kutoka Rongai hadi Athi River.

Mazizi sasa. Baada ya wale 11 niliuza mbuzi wanne wa waliobaki, nikaongeza pesa za chama chetu cha akiba, nikajenga upya: nguzo, wavu wa waya futi 7, lango la mabati linalofunguka kwa ndani ili mifugo wakilisukuma lizidi kujifunga. Lango ndilo linalotumaliza wengi, ukuta huwa imara halafu mlangoni kuna tawi la mwiba. Ukuta ukimzuia mbuzi asimwone simba ni bora zaidi, ndiyo maana nimefunga magunia upande wa upepo. Juu nimeweka taa za kumetameta, zile alizobuni Richard Turere akiwa mtoto wa hapa hapa Kitengela, kwa betri ya gari, sola na kifaa cha indiketa ya pikipiki. Simba amepita mara mbili tangu hapo, nyayo nimeziona kwenye tope, umbali wa kama hatua 40. Hajaingia.

Na fidia ingeweza kufuata njia hiyohiyo. Kule Mbirikani, karibu na Amboseli, kuna mfuko unaolipa wafugaji tangu 2003. Ng'ombe akiuawa ndani ya boma imara unalipwa zaidi, aliyeachwa porini usiku unalipwa kidogo. Pesa inakuja upesi, na mtu anakarabati boma kwa sababu anaona faida yake. Mimi ningetaka huku kwetu tuanze hata kabla ya hapo, tulipiwe waya kabla hatujalipiwa mizoga.

Mzee, shikamoo. Kuhusu ardhi sina jibu. Mume wangu naye ameshaulizwa bei mara mbili mwaka huu, na mara ya pili alichelewa kukataa.


MPANGAJI WA RONGAI

Nashukuru kwa kunisikia, dada. Hapo kwenye makazi kuzungushiwa na njia kuwekwa taa tuko pamoja. Ila uzio mkubwa bado nautaka, sitakudanganya. Hiyo mikutano yenu hufanyika lini? Sisi wapangaji hatuitwi kabisa.


MTOA MADA

Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, chini ya mti wa pale kanisani. Njoo na wenzako, nitamwambia mwenyekiti awape nafasi ya kusema mapema. Na kama una nafasi, Jumamosi hii tunamjengea zizi jirani yangu mjane, fisi amemchukulia kondoo wawili. Nguzo tumeshachimbia, tumekosa watu wa kuvuta waya.


MPANGAJI WA RONGAI

Jumamosi natoka kazini saa sita. Nitafika saa nane hivi, na kijana mmoja wa ploti yetu. Tuje na nini?


MTOA MADA

Glavu. Waya unakata vibaya.