Maporomoko ya msituni bila kuongozwa: Sipi, Bwindi, Mabira au Ssezibwa?

MwanaKiira (Jinja)
Salaam ndugu zangu. Pasaka hii nina siku nne za mapumziko, na mdogo wangu wa kike aliyemaliza S6 (kidato cha sita) ameniomba twende kutembea hapa hapa Uganda. Tunataka msitu wa mvua wa kweli, maporomoko ya maji mwisho wa njia, na tutembee wenyewe. Marehemu baba alikuwa akitupeleka msituni hivyo, akitufundisha majina ya miti, na tangu atutoke hatujarudi. Kundi la watalii halitatufaa. Nimebakiwa na majina manne: Sipi, Bwindi upande wa Buhoma, Mabira na Ssezibwa. Aliyefika anilinganishie: njia ikoje, mfuko utaumia kiasi gani, na je, kweli mtu anaruhusiwa kwenda peke yake?

DadaKanungu
Pole kwa msiba, kaka. Nianze na Bwindi maana ndiko nyumbani.

Ukitaka msitu, hakuna kati ya hayo manne unaoukaribia huu. Uliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994, na ukiingia utaelewa sababu bila kuambiwa. Njia ya maporomoko ya Buhoma inafuata mto Munyaga, unapita maporomoko matatu, na refu kuliko yote lina mita 33. Ni kama saa tatu za kutembea, kwenda na kurudi. Makangaga marefu kama miti, kuvu kwenye kila gogo, na ubaridi unaokupata hata saa sita mchana.

Lakini peke yako huingii. Ni hifadhi ya taifa, lazima uongozane na askari wa wanyamapori, na wala si suala la kubembeleza. Kuna sokwe wa milimani, yaani gorila, na kuna tembo. Malipo ya njia hii ni tofauti kabisa na kibali cha kuwaona sokwe, kwa hiyo usiogopeshwe na bei unazozisikia mtaani. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko wageni wengine, ila uwe na kitambulisho mkononi. Na mmoja wenu akiwa na mafua, ahirisheni. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua, na kwao mafua ya kawaida yanaweza kuwa kifo.

Tatizo lako ni umbali. Kutoka Jinja hadi Buhoma, siku moja nzima itaishia barabarani, na nyingine wakati wa kurudi. Katika siku nne unabaki na mbili.

Nnalongo_Mukono
Ssezibwa ndiyo rahisi kuliko zote, mwanangu. Unapanda matatu ya Kampala, unashuka njia panda ya Kayanja, boda inakufikisha. Unalipa kiingilio kidogo langoni na unatembea mwenyewe, hakuna atakayekufuata nyuma.

Ila usiende ukidhani ni msitu mkubwa. Miti ipo mizuri, lakini ukipanda juu kidogo unaona mashamba. Maporomoko yenyewe ni mafupi. Ukubwa wa pale ni mwingine. Waganda tunasimulia kwamba mama mmoja, Nakangu, alitarajiwa kuzaa mapacha, akazaa mito miwili: Ssezibwa na Bwanda. Mimi nimezaa mapacha, na kila nikisimama pale nasikia kitu moyoni. Watu huja kuomba na kushukuru, huacha kahawa, mayai, sarafu. Usiguse kitu kilichowekwa pale, na ukikuta watu katika ibada subiri pembeni wamalize, wala usitoe simu kupiga picha.

BodaLugazi
Mabira naifahamu, nimezaliwa pembeni yake. Kwa mtu wa Jinja ndio msitu wa karibu zaidi, zaidi ya kilomita za mraba 300, na barabara ya Kampala inaukata katikati. Utapita Najjembe ule gonja (ndizi za kuchoma) na kuku wa kuchoma. Maporomoko ya Griffin yako upande wetu wa Lugazi. Nilipokwenda mara ya mwisho maji yalikuwa meusi yenye harufu, kwa hiyo ni ya kutazama, si ya kuoga.

Kuhusu kwenda peke yako, sikiliza nikwambie yaliyonipata. Nilijiona mwenyeji, nikaingia na rafiki bila mtu wa kutuongoza. Vijia vya Mabira vimechongwa na watu wengi: waokota kuni, wachoma mkaa, wawindaji. Vyote vinafanana. Saa kumi na moja jioni, nje bado kweupe, ndani tulikuwa hatuoni miguu yetu. Simu haikushika mtandao. Tulitoka saa mbili usiku kwa kufuata mlio wa malori barabarani, na siafu walikuwa wametutafuna mpaka mapajani. Rafiki yangu hajarudi tena msituni hadi leo, na hilo bado linaniuma kwa sababu mimi ndiye niliyemshawishi. Jiandikishe ofisi ya misitu, chukua kijana wa hapo, chomeka suruali ndani ya soksi.

MtembeziKitale
Mimi ni Mkenya, nilivuka mpaka wa Suam kwa kitambulisho tu na kushuka hadi Sipi. Sipi haiko ndani ya hifadhi, kwa hiyo sheria ya askari haikuhusu. Kati ya maporomoko matatu ya pale, ile ya chini, inayoonekana kwenye picha zote, inaanguka kama mita 100 kwa mkupuo. Ya kati ina pango nyuma ya maji. Nilizunguka zote tatu kwa muda wa saa nne hivi, peke yangu, bila shida. Kwa hiyo inawezekana kabisa.

Msabiny
Inawezekana, ndugu yangu wa Kitale, na nafurahi ulifika salama. Lakini naomba nieleze upande wetu, maana sisi ndio tunaobaki pale mgeni akiondoka.

Njia unayosema hukupita msituni. Ulipita kwenye migomba na mibuni ya watu. Kila kipande kina mwenyewe, ndiyo maana mgeni asiye na mwenyeji hutozwa hapa, akatozwa na pale, mwisho anaondoka na kinyongo. Ukichukua kijana wa kijijini, mapatano yakafanyika mapema, yeye ndiye anamalizana na wenye mashamba. Na zile ngazi za mbao za kushukia, anajua ipi imeoza.

MwanaKiira, la muhimu zaidi ni hili: usije Pasaka. Machi hadi Mei mvua inapiga, na udongo wa Mlima Elgon ukishiba maji hauaminiki. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka ukakifunika kijiji cha Nametsi kule Bududa. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli, na Bulambuli ndiko barabara ya kutoka Mbale inakopita kuja kwetu. Tumezika watu. Sisemi haya kukutisha. Njoo Januari. Vijia vitakuwa vikavu na mtaona mpaka tambarare za Karamoja.

Na kama msitu ndio unaoutaka, usiishie Sipi. Panda Kapkwai, ndani ya Hifadhi ya Mlima Elgon. Kuna njia za mzunguko zinazopita kwenye miti mikubwa na mianzi, na kuna maporomoko ya Chebonet. Askari mtakuwa naye, ndiyo. Lakini mwambieni tangu mwanzo kwamba mnataka kimya. Wengi wao ni watoto wa huku, wanaijua miti kwa majina. Labda ndicho baba yenu angependa.

MwanaKiira (Jinja)
Mzee Msabiny, maneno yako ya mwisho nimeyasoma mara mbili, kisha nikamsomea dada. Amesema tusibishane tena.

Tumeamua hivi: Pasaka tutakwenda Ssezibwa kwa siku moja, wawili tu, na Nnalongo tutafuata maagizo yako. Januari tutapita Iganga, Tirinyi, Mbale hadi kwenu, siku moja Sipi na mwenyeji wa kijijini, siku moja Kapkwai. Bwindi tutaiwekea akiba ya wiki nzima. Tubebe nini?

Msabiny
Gambuti kuliko raba, hata kiangazi. Sweta, usiku ni baridi. Fedha taslimu za noti ndogo. Vitambulisho vyenu halisi, nakala ya simu inaweza kukataliwa langoni. Mkifika Mbale kabla ya saa nane mchana mtapata matatu ya Kapchorwa, inayopita Sipi, bila kulala njiani. Na mkipita sokoni Mbale nunueni malewa (machipukizi ya mianzi), mama mwenye nyumba atawapikia kwa karanga.

DadaKanungu
Ile wiki ya Bwindi ikikaribia niandikie, kaka. Mvua ya huku nayo ina miezi yake, tutaipanga pamoja.