Naomba ushauri: je, maziwa yanakubalika katika mpango wa kupunguza uzito?

Kimya Kingi (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Ninaomba ushauri wenu kuhusu jambo linalonikosesha usingizi. Nimeanza mpango wa kupunguza uzito, na katika kusoma huku na huko nimekutana na kauli mbili zisizopatana hata kidogo: wapo wanaosema kwamba maziwa na vyote vitokanavyo nayo vinanenepesha, hivyo viachwe tangu siku ya kwanza, na wapo wanaosema kwamba kalsiamu iliyomo huyeyusha mafuta ya mwilini, hivyo anayetaka kupungua ayanywe kwa wingi zaidi. Mimi ninapenda maziwa tangu utotoni. Sili sana, sinywi soda, ninatembea kila jioni, lakini mzani hausogei, na ukisogea unaelekea upande nisioutaka. Swali langu ni moja tu: niyaache au niendelee nayo? Ninaomba majibu ya watu wazima. Wenye kejeli wapite tu.

Babu Mkaidi

Mwanangu, maziwa ni chakula cha ndama. Ndama huyanywa ili awe ng'ombe. Wewe unayanywa ili uwe nani? Vijana wa sasa mnatafuta njia ya kupungua bila kuacha chochote mnachokipenda, na njia hiyo haipo. Acha maziwa, acha sukari, lala mapema, na huu uzi utakuwa umekwisha.

Mpenda Jibini

Babu, shikamoo, lakini ndama hali jibini, na hapo ndipo ulipo mtego. Mimi niliwahi kuyaacha maziwa kabisa kwa ushauri kama huo wako, nikajiona shujaa, kisha kila jioni nikawa ninajikatia kipande cha jibini ngumu kwa sababu nilikuwa na njaa na niliamini kwamba adui alikuwa kwenye gilasi. Baadaye nilipoanza kusoma maandishi ya kwenye pakiti ndipo nilipoelewa: gramu 100 za jibini ya aina ya cheddar zina takriban kalori 400, yaani zaidi ya zile zilizomo katika nusu lita ya maziwa yasiyotolewa mafuta. Jibini siiachi, lakini sasa ninaipima kwa mzani wa jikoni, na mke wangu hunicheka kila anaponiona ninapima.

Muuguzi Mstaafu

Tumwache ndama apumzike. Mwili huongezeka uzito pale nishati inayoingia inapozidi inayotumika kwa muda mrefu, na maziwa yanaweza kukaa upande wowote wa hesabu hiyo, kutegemea ni maziwa gani, ni kiasi gani, na yamechukua nafasi ya chakula gani. Gilasi ya mililita 250 ya maziwa yasiyotolewa mafuta ina takriban kalori 150, protini gramu 8 na kalsiamu karibu miligramu 300. Gilasi hiyo hiyo ya maziwa yaliyotolewa mafuta ina takriban kalori 85, ilhali protini na kalsiamu hazipungui. Mtu mzima anahitaji kalsiamu kama miligramu 1,000 kwa siku, kwa hiyo anayeyafuta maziwa yote bila kupanga atakachokiweka mahali pake anaiumiza mifupa yake mwenyewe. Protini nayo hushibisha, na humsaidia anayepungua asipoteze misuli pamoja na mafuta. Mtindi uliochujwa na kutolewa mafuta, ambao gramu 100 zake huwa na protini karibu gramu 10, ni miongoni mwa vyakula ambavyo ningempa mtu anayepungua bila wasiwasi wowote.

Hatari ipo kwenye vitu ambavyo watu hawavihesabu: siagi, ambayo gramu 100 zake hupita kalori 700, krimu, mtindi ulioongezwa sukari na ladha ya matunda, na yale maziwa mazito ya kopo yenye sukari, ambayo takriban nusu ya uzito wake ni sukari. Kuhusu kalsiamu kuyeyusha mafuta, majaribio yaliyofanyiwa watu na kujumlishwa pamoja hayaungi mkono ndoto hiyo: anayeongeza maziwa juu ya mlo wake wa kila siku hapungui, na anayepunguza kalori huku akiyaweka maziwa ndani ya hesabu yake hupoteza mafuta kidogo zaidi ya mwenzake, tena kidogo kweli.

Sasa nijibu, ndugu mleta mada: unakunywa kiasi gani kwa siku, una maradhi yoyote, na kuna dawa unayotumia?

Kimya Kingi (mleta mada)

Nashukuru sana kwa maelezo marefu. Ninakunywa chai ya maziwa asubuhi, kisha gilasi mbili au tatu mchana na jioni, na bakuli dogo la mtindi kabla ya kulala. Afya yangu kwa jumla ni nzuri. Nilichotaka kujua ni kama nihamie kwenye maziwa yaliyotolewa mafuta au niyaache kabisa.

Tumbo Joto

Mimi nina jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Niliyaacha maziwa, na ndani ya muda mfupi suruali zikaanza kunipwaya kiunoni, nikatangaza kwa kila rafiki kwamba nimepungua. Nilipopanda mzani, uzito ulikuwa ule ule. Kilichokuwa kimepungua ni gesi. Inakadiriwa kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hupungukiwa, baada ya utoto, na kimeng'enya cha kuvunjavunja laktosi, yaani sukari ya maziwa, na sukari hiyo ikifika kwenye utumbo mpana bila kuvunjwa, bakteria huichachusha na tumbo hujaa. Kwa hiyo wengi wanaosema kwamba maziwa yanawaletea kitambi wanazungumzia upepo. Ndugu, hamia kwenye maziwa ya soya kama nilivyofanya mimi, utaniombea dua.

Muuguzi Mstaafu

Tumbo Joto amesema kweli kuhusu gesi, lakini mleta mada ameruka swali langu moja. Niliuliza kuhusu dawa. Je, kuna tembe yoyote unayoimeza kila siku, na unaimeza kwa kinywaji gani?

Kimya Kingi (mleta mada)

Sikulijibu kwa sababu sikuona linahusiana vipi na maziwa. Nina tatizo la tezi dundumio, ile tezi ya shingoni, ambayo haitoi homoni ya kutosha, na nimeandikiwa levothairoksini, dawa ya kujazia homoni hiyo. Huwa ninaimeza asubuhi kwa chai ya maziwa, kwa sababu nikiimeza tumbo likiwa tupu ninapata kichefuchefu. Tembe yenyewe ni ndogo mno, sidhani kama chai inaweza kuidhuru.

Tena niseme wazi, kwa kuwa mmeniuliza: uzito wangu umeongezeka katika kipindi hiki hiki ninachotumia dawa hiyo. Kwa hiyo nimekuwa ninafikiria kuiacha kwa muda, huku nikiondoa mlo wa mchana na wa jioni na kuweka maziwa mahali pake. Hilo la milo nimeshalianza. Ninalifanya kwa utaratibu, si kwa kukurupuka, na sioni ubaya wake, kwa kuwa ninyi wenyewe mmesema kwamba maziwa yana protini.

Muuguzi Mstaafu

Dada au kaka yangu, jambo hili ndilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza ya uzi wako. Kalsiamu hunasa levothairoksini tumboni na kuzuia sehemu yake isifyonzwe. Dawa hii humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, angalau nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Vidonge vya kalsiamu, vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia zenye kalsiamu hutenganishwa nayo kwa muda wa saa 4, na mimi huwashauri watu wayape maziwa umbali huo huo. Kahawa nayo huipunguzia dawa hii nguvu. Unapoimeza kwa chai ya maziwa kila asubuhi, inawezekana kabisa kwamba daktari amekuandikia dozi inayotosha, ila mwili wako unapokea pungufu.

Tezi isiyotoa homoni ya kutosha huupunguzia mwili kasi ya kutumia nishati, na huufanya ushike maji na chumvi. Kwa hiyo dawa unayotaka kuiacha ndiyo inayopigana upande wako. Ukiiacha hutahisi kitu kesho yake, kwa maana homoni hii huisha taratibu mno: baada ya takriban siku 7 nusu yake bado imo mwilini. Watu hujidanganya katika kipindi hicho, wakisema kwamba wameiacha na wako salama, kisha uchovu, baridi, choo kigumu na uzito huja pamoja.

Nisikupe tumaini la uongo pia. Uzito unaoletwa na tezi peke yake kwa kawaida ni kilo chache. Gilasi tatu za maziwa yenye mafuta ni kalori 450 kabla hujagusa kijiko cha chakula, na mlo wa maziwa matupu hauna nyuzinyuzi, una madini ya chuma machache mno, na hauwezi kudumu. Mambo yote mawili yanahitaji kurekebishwa.

Kwa Tumbo Joto: ushauri wa soya ulikuwa na nia njema, lakini soya nayo inaweza kuzuia dawa hii isifyonzwe vizuri. Anayeitumia azingatie muda vile vile na amjulishe daktari wake.

Mzee wa Hoja

Mimi nimeusoma uzi huu tangu juu na ninahisi kwamba hii ni chai, tena ya maziwa. Tazameni wenyewe. Mwanzoni alisema hali sana. Baadaye tunaambiwa gilasi tatu, chai na bakuli la mtindi. Alisema afya yake ni nzuri. Baadaye inatokea tezi. Alisema swali lake ni moja tu, na sasa yamekuwa matatu. Uzi wa namna hii ninaujua unapoishia: kwenye ukurasa unaofuata mhusika anarudi akiwa amepungua, na mkononi ana kopo la unga wa maziwa wa kupunguzia uzito, pamoja na namba ya kuagizia.

Wala biashara hii si ngeni. Nchini Marekani, katika miaka ya 2000, wanaotangaza maziwa walinadi kwamba kuyanywa kunasaidia kupunguza uzito, wakiegemea utafiti wa Chuo Kikuu cha Tennessee, hadi mwaka 2007 walipokubali kuyasitisha matangazo hayo baada ya mamlaka ya serikali inayosimamia biashara kuingilia kati. Ile kauli ya kalsiamu kuyeyusha mafuta, ambayo mleta mada anasema aliikuta huku na huko, inatembea tangu wakati huo.

Babu Mkaidi

Nilijua. Mtu mwenye shida ya kweli haandiki kwa mpangilio kiasi hiki.

Kimya Kingi (mleta mada)

Sina cha kumuuzia mtu yeyote humu. Kuficha jina la ugonjwa mbele ya watu nisiowajua si uongo. Ni haki yangu. Unga wa maziwa ninao, ndiyo, lakini nimeununua kwa matumizi yangu, kwa sababu unahifadhika kwa urahisi kuliko maziwa ya maji.

Mzee wa Hoja

Kopo hilo limeshatokea, na hata ukurasa haujageuka.

Muuguzi Mstaafu

Chai au si chai, tembe haimezwi kwayo. Kama mleta mada ni mtu wa kubuni, wapo wa kweli wanaousoma uzi huu huku kikombe kikiwa mkononi. Na kuhusu unga, ninaomba usomwe upande wa nyuma wa kopo: unga wa maziwa yasiyotolewa mafuta una takriban kalori 500 kwa kila gramu 100, na vijiko vya kujazia kwa makisio havina uaminifu.

Kimya Kingi (mleta mada)

Nitaandika mara moja tu, kisha niwaache mwendelee kunichunguza. Sijaacha dawa, nilisema nilikuwa ninafikiria. Nitamwona daktari wangu kabla ya kubadilisha chochote, nami nitamweleza jinsi nilivyokuwa ninaimeza. Mlo wa mchana nitaurudisha, ingawa wa jioni bado ninaona kwamba maziwa yananitosha. Ninaomba kueleweshwa hili: nikimeza tembe saa 12 asubuhi kwa maji, ina maana chai ya maziwa ni saa 4 asubuhi? Na mtindi wangu wa usiku je? Huo siuachi.

Muuguzi Mstaafu

Ndiyo, saa 4 asubuhi. Kabla ya hapo unaweza kupata kifungua kinywa kisicho na maziwa, mradi saa moja iwe imepita. Kichefuchefu nacho kimweleze daktari, usikitibu kwa chai. Wapo wagonjwa wanaoruhusiwa kumeza dawa hii usiku, angalau saa 3 baada ya kula, lakini kwa kuwa hutaki kuachana na mtindi wa usiku, asubuhi inakufaa zaidi. Mtindi wenyewe uwe usio na sukari.

Kuhusu mlo wa jioni sikubaliani nawe. Weka mboga za majani na chakula cha kutafuna, kisha gilasi moja ya maziwa yaliyotolewa mafuta ikae pembeni ukipenda. Mwombe daktari akupangie kipimo cha damu cha TSH, kile kinachoonyesha kama dozi inatosha, wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza kuimeza dawa kwa maji, kwa sababu ikianza kufyonzwa sawasawa, dozi uliyonayo sasa inaweza hata kuonekana kubwa. Mpaka hapo, usiuhukumu mzani.

Mpenda Jibini

Samahani, mkuu, mama yangu anatumia dawa hiyo hiyo, na mkate wake wa asubuhi haupandi bila jibini. Je, jibini nayo inasubiri saa 4?

Muuguzi Mstaafu

Inasubiri. Na kwa kuwa mzani wa jikoni unao, mpimie na yeye.