Ukoo wa Babu Yosefu: gumzo la kikundi

*Jumatano usiku*

Neema: Shikamooni wakubwa wote, wadogo mambo. Jamani nimelipata daftari la ubatizo la kanisani kwa babu!! Si lenyewe, picha zake. Nilikuwa kwenye ile FamilySearch, tovuti ya kutafutia ukoo, natafuta jina la babu kwenye kisanduku cha kutafutia nikachoka, hakuna kitu, nikaachana na jina nikaingia kwenye katalogi nikatafuta kwa mahali, ndo nikakuta ubatizo wa kanisa lao, miaka yote ambayo babu angeweza kubatizwa imo

Neema: Ila pale kuna alama ya kamera na juu yake ufunguo. Maana yake picha zipo ila huzifungui ukiwa nyumbani, mpaka uende kwenye kituo chao cha historia ya familia au maktaba inayoshirikiana nao. Naomba watu wawili Jumamosi hii. Nani anakwenda?

Neema: Naona tiki za bluu kumi na moja

Amani: Kwani ulitafuta jina gani, maana babu alikuwa na majina kama mgombea ubunge 😂

Neema: Yosefu, Yusufu, Josef, Joseph, na Josephus maana mapadri waliandika Kilatini. Lakini shida si jina Amani. Zile picha hazijaingizwa kwenye faharasa, yaani hakuna mtu aliyekaa akachapa majina yaliyomo, sasa kisanduku kitayaonaje? Inabidi ufunue ukurasa kwa ukurasa kwa macho yako. Wengi wanaishia kwenye kisanduku wanasema ukoo wetu haumo

Amani: Josephus 😂😂 sasa baba mdogo Elia kwa Kilatini ni nani

Upendo: Elias

Amani: Na mimi kuanzia leo ni Amanius, msiniite vingine

Neema: Jumamosi jamani

Baba Mdogo Elia: Neema hiyo si ya Wamormoni? Watu wa Marekani wanatafuta nini kwa marehemu wetu. Cha bure kina mwenyewe.

Neema: Shikamoo baba mdogo. Ndiyo, ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, makao yao Salt Lake City kule Utah. Wao wanaamini familia inaunganika hata baada ya kifo ndo maana wanawatafuta mababu zao. Chama chao cha nasaba kilianza 1894, na 1938 wakaanza kupiga picha madaftari ya makanisa na ya serikali nchi nyingi tu, zile filamu wakaenda kuzihifadhi kwenye mahandaki waliyochimba ndani ya mlima wa mawe. Zilifika kama milioni 2.4, na 2021 wakamaliza kuzigeuza kuwa za kidijitali. Hawatozi na huulizwi dini yako, mi nina akaunti mwaka wa tatu huu hakuna aliyenigongea mlango

Amani: Wenzetu wamechimba mlima kuhifadhi majina, sisi Biblia moja imetushinda

Shangazi Tumaini: Amani umesema. Ile Biblia ya mama ilikuwa na tarehe zetu zote kurasa za mbele, kwa mkono wa baba mwenyewe. Tungekuwa nayo huyu mtoto asingehangaika na milima ya watu. Aliyeibeba siku ile anajijua.

Baba Mdogo Elia: Tumaini tusianze.

Shangazi Tumaini: Sijaanza mimi, nimengoja miaka tisa

Baba Mdogo Elia: Niliichukua kuihifadhi. Paa lilikuwa linavuja, kila mtu anagombea sufuria na magodoro, hakuna aliyeikumbuka. Na hilo nalo liandikwe kwenye historia yenu.

Upendo: 🙏🙏 wazazi wetu tafadhali

Neema: Baba mdogo hata kama imebaki kurasa mbili, hata kama imeloa, ipige picha karibu na dirisha ututumie. Sikuulizi kwa ubaya. Daftari la kanisa litatupa siku ya ubatizo, lakini mtu akibatizwa mkubwa mwaka wa kuzaliwa mara nyingi padri anakadiria tu. Mwandiko wa babu ndo utatuambia yeye mwenyewe alijijua ana miaka mingapi

Neema: Baba mdogo?

*Alhamisi*

Baraka: Samahanini nilikuwa kazini. Neema mbona mti wa ukoo mi nilishautengeneza tangu mwaka juzi, upo mle mle

Neema: Nimeuona ndugu yangu. Umemuunganisha babu na Yosefu mwingine kabisa, sasa babu ana wake wawili na amekufa mara mbili

Amani: Babu alifufuka halafu mkatuficha 😂😂😂

Baraka: Mfumo ulinipa dokezo nikabonyeza kubali

Neema: Dokezo ni kompyuta inakisia Baraka, inakuambia nenda kaangalie, haikuambii ndiye. Na ule mti si wako wala wangu, ni mmoja wa dunia nzima, habari za marehemu mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuzibadilisha. Walio hai ndo hawaonekani kwa wengine. Uzuri kila badiliko linabaki limeandikwa nani kafanya na lini, tutarudisha. Ila usiguse kitu kwanza mpaka tuwe na ukurasa wa daftari wa kuambatisha, la sivyo mwingine atakuja na dokezo lake afute ya kwetu

Baraka: Sawa. Sikujua

Yuditha: Mi naomba kuuliza na mnijibu ukweli. Nimesikia hao watu wanabatiza marehemu. Babu naye wamembatiza?

Neema: Ni kweli wanafanya. Mtu aliye hai anazamishwa kwenye maji kwa niaba ya marehemu, ndani ya hekalu lao, na wao wanasema marehemu ana hiari ya kukubali au kukataa. Kuweka jina kwenye mti peke yake si kulipeleka hekaluni, lazima muumini wao alipeleke, na kanuni yao inamtaka apeleke ndugu zake mwenyewe. Akiwa aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita inatakiwa ndugu wa karibu aliye hai akubali, mke au mume, mtoto, mzazi au ndugu wa kuzaliwa naye. Lakini siwezi kukuambia haijawahi kukiukwa Yuditha. Wayahudi walilalamika sana majina ya waliouawa na Wanazi yalipopelekwa, mpaka yakafanyika makubaliano 1995. Kwa hiyo unachoogopa si cha kubuni

Yuditha: Asante kwa kusema

Upendo: Niko na Bibi Ester hapa, nimemsomea yote tangu jana. Anasema niandike neno kwa neno nisiongeze changu

Upendo: "Mimi Ester. Kaka yangu alibatizwa mara moja, akazikwa na rozari yake mkononi. Jina lake lisipelekwe kwenye maji ya mtu yeyote. Kulitafuta litafuteni, sikatazi."

Upendo: "La pili. Upendo amenisomea mti wa Baraka, mmeandika tulizaliwa sita. Tulizaliwa saba. Wa kwanza aliishi siku nne, hakubatizwa, hakuna padri aliyemwandika. Mama alikuwa akituhesabu anaanza na yeye. Mkianza na Yosefu mmeanza na wa pili."

Upendo: "Jina lake siliweki kwenye simu. Anayelitaka aje nimwambie kwa mdomo."

Upendo: Ameniambia niweke simu chini

*Ijumaa asubuhi*

Shangazi Tumaini: Sijalala. Miaka yote hii shangazi hajawahi kututajia

Baba Mdogo Elia: Hata mimi sijawahi kusikia.

Neema: Nimekaa na hili usiku kucha. Mi nilikuwa nadhani tukilifungua daftari tumemaliza. Daftari la ubatizo linamjua aliyebatizwa tu, hata wangepiga picha kurasa zote za dunia yule mtoto hayumo, yumo kwa bibi peke yake. Kwa hiyo Jumamosi tugawane, wawili maktaba, wawili kwa bibi wakamrekodi akiridhia, asiporidhia wasikilize tu. Kwa bibi nakwenda mimi na shangazi

Neema: Wa maktaba: huhitaji kuwa muumini, utaonyeshwa kompyuta tu. Andikeni namba ya filamu na namba ya picha kwa kila ukurasa, bila hivyo hatutaupata tena. Na msisome katikati tu, someni pembeni mwa ukurasa, tangu 1908 sheria ya Katoliki inataka ndoa ya mtu iandikwe kwenye daftari alikobatizwa, unaweza kukuta mke, tarehe na parokia waliyofungia. Majina ya wasimamizi wa ubatizo pia yaandikeni, mara nyingi ni ndugu

Baraka: Mi naweza kwenda. Wanafungua saa ngapi?

Neema: Kituo nimepiga mara tatu hawapokei, pale wanakaa watu wa kujitolea na saa zao ni chache. Maktaba nitapiga tena mchana

Amani: Kama ni mchana nitajaribu, siahidi

Neema: Amani sema ndiyo au hapana

Baba Mdogo Elia: 📷 Picha

Baba Mdogo Elia: Ndiyo hii. Zilizobaki zimegandana.

Neema: Baba mdogo asante, asante sana. Usizibandue!! Wala usizianike juani. Ziache hivyo hivyo nimuulize mkutubi, watu wa nyaraka wanajua namna ya kuzitenganisha

Shangazi Tumaini: Ni mwandiko wa baba. Ile Y yake

Baba Mdogo Elia: Ndiyo Y yake.

Shangazi Tumaini: Ungesema tu Elia

Neema: Bado mtu mmoja wa maktaba. Yuditha? Amani?

Godi: Jamani ndo naingia sasa hivi nakuta meseji zote hizi, kuna msiba?

Neema: Hakuna msiba kaka. Jumamosi una nafasi?