Ulinganisho: TRC kuiacha, kuizima nusu au kuizima kabisa (Mark X, Subaru, BMW, Altezza) kwa barabara zetu za Mwanza

Kijana_wa_Igoma:

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni. Nina Mark X GRX130 ile ya 2.5, nimeichukua mwezi wa nane, gari iko poa sana ila kuna jambo linanitesa. Washkaji zangu kila tukikutana Capri Point wananiambia gari ya kuvuta nyuma ukiendesha TRC (ule mfumo unaozuia tairi zisizunguke bure ukikanyaga mafuta) imewashwa bado hujaiendesha, zima uonje. Jumamosi nikazima. Nilishikilia ile batani mpaka taa mbili zikawaka kwenye dashibodi, nikaondoka. Mchana lami kavu sikuona tofauti ya maana, nikasema kumbe ndio hivi tu.

Jioni yakaanza manyunyu, yale ya kwanza kabisa baada ya kiangazi. Natoka Buzuruga nashuka Mabatini, foleni ikafunguka, nikakanyaga niwahi nafasi, naapa nilikanyaga kidogo tu, mkia ukaondoka kulia kama kuna mtu kauvuta kwa kamba. Pembeni yangu kuna bodaboda amempakia mama na mtoto mgongoni. Nikaachia mafuta yote, gari ikarudi kwa kishindo upande wa pili, ikayumba tena halafu ikanyooka. Sikumgusa mtu. Ila yule mama alimkumbatia mtoto kwa mkono wa nyuma huku ananiangalia, ile sura mpaka leo ninayo.

Sasa naombeni ulinganisho wa kweli kati ya vitu vitatu: kuacha kila kitu kimewashwa, kuzima TRC peke yake, au kuzima vyote, TRC na VSC. Na je kwenye Subaru na BMW mambo ni haya haya? Naomba waliotumia waseme, sio ya kusikia.

BoxaNne:

Pole sana mdogo wangu. Mshukuru Mungu, hiyo ilibaki kidogo iwe mzinga (ajali) kabisa. Nakuja na ya Subaru baadaye kidogo, niko barabarani.

Fundi_Nyakato:

Pole mdogo wangu, na umefanya vizuri kulisema hadharani maana wengi yanawatokea wananyamaza.

Mimi ni fundi, na naona watu wanachanganya vitu vitatu hapa. ABS ni ya breki, inazuia tairi zisijifunge ukikanyaga ghafla, hiyo haizimwi na hiyo batani, ipo muda wote. TRC inaangalia mguu wako wa mafuta tu, sensa za magurudumu zikiona tairi la nyuma linazunguka haraka kuliko la mbele inabana breki ya lile tairi na kupunguza nguvu ya injini. VSC, ule mfumo wa kuzuia gari lisipoteze mwelekeo, ndio mwenye akili zaidi, yeye ana sensa ya usukani na sensa inayopima gari linavyojizungusha, kwa hiyo anajua wewe unataka kwenda wapi na gari inakwenda wapi, vikipishana anabana breki ya tairi moja moja. Mkia ukitoka anabana tairi la mbele la upande wa nje, gari inavutwa kurudi kwenye mstari. Hakuna mguu wa binadamu unaoweza kubana breki ya tairi moja, hata uwe dereva wa namna gani.

Sasa hiyo batani yako. Ukiibonyeza mara moja na kuachia umezima TRC tu, VSC iko kazini, tena spidi ikipanda TRC inajirudisha yenyewe. Ukiishikilia zaidi ya sekunde 3 gari imesimama umezima vyote viwili, na hapo hakuna kujirudisha mpaka uzime injini uwashe tena. Wewe ulifanya hiyo ya pili.

Na kilichokutokea Mabatini ni hivi. Mvua ya kwanza ndio mbaya kuliko masika yenyewe, kwa sababu oili ya malori na vumbi la miezi yote vinainuka juu ya maji kabla hayajapata nguvu ya kuvisomba. Ukakanyaga, tairi za nyuma zikakosa mshiko. Hapo bado ilikuwa ndogo. Kosa lililofuata ni kuachia mafuta yote ghafla, uzito ukahamia mbele, nyuma ikawa nyepesi, tairi zikashika kwa mpigo mmoja na mkia ukarudi kwa nguvu upande wa pili. Mkia wa kwanza unatisha, wa pili ndio unapindua gari. VSC ingekuwa imewashwa ingeukamata ule wa kwanza hata bodaboda asingegeuka kukuangalia.

Swali langu moja: tairi zako za nyuma ni za mwaka gani? Usiniambie zina kashata (yale meno ya tairi) nzuri, nataka mwaka. Angalia ubavuni kwenye maandishi ya DOT, namba nne za mwisho. Ikiwa 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Bimma335:

Naongezea upande wa BMW. Nina 335i ya injini N54, tabo mbili, na hii gari ni tofauti sana na Mark X 2.5 kwa sababu torki yake (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 400 inaanza injini ikiwa kwenye mizunguko 1,300 tu kwa dakika, yaani hujafanya chochote, uko kwenye foleni, mguu umegusa tu na nguvu yote imeshafika kwenye tairi za nyuma. Mark X ya 2.5 ina farasi kama 203 na lazima uizungushe ndio itoe, kwa hiyo ikikutoka wewe kwa kukanyaga kidogo basi mimi ningekuwa kwenye mtaro.

Kwangu kuna hatua tatu pia. Batani ya DSC (VSC ya BMW) ukiigusa unaingia DTC, inakuruhusu tairi ziteleze kidogo kabla haijakukamata, ukiishikilia inazima yote. DTC naitumia, hasa ile kona ya kupanda Isamilo nikiwa peke yangu, unahisi gari inavyosukuma kutoka nyuma na bado kuna mtu wa kukushika. Kuzima kabisa nimefanya mara mbili tu na zote sio barabarani. Kwa gari ambayo torki yake inaanza mapema kama hii, kuzima kabisa kwenye lami yenye maji ni kitu ambacho simshauri mtu yeyote, hata aliyeendesha miaka 20.

MguuMzito:

Wakuu mnamtisha kijana. TRC inaua gari, ukitaka kuondoka inakukaba, injini inakohoa. Hata Formula 1 hawatumii trakisheni (TRC) na magari yao yana kasi ya ajabu. Dereva ajifunze mguu, sio kutegemea kompyuta.

Fundi_Nyakato:

@MguuMzito ni kweli Formula 1 waliipiga marufuku kuanzia 2008, lakini waliipiga marufuku ili dereva bora aonekane, sio kwa sababu gari linakuwa salama zaidi. Wale wana tairi zinazopashwa moto kabla ya kuondoka, barabara pana, hakuna mama mwenye mtoto pembeni. Huku kwenye magari ya watu wa kawaida imekwenda kinyume kabisa, mfumo wa aina ya VSC ulianza na Mercedes S-Class mwaka 1995, na kufika Novemba 2014 Ulaya ikawa haiuzwi gari mpya bila huo mfumo.

Na suala la kukabwa, mara nyingi gari linalokabwa kupita kiasi lina tatizo. Nimepokea Mark X inakaba hata ikienda moja kwa moja, kuangalia mbele ana 215/60R16 na nyuma kafunga 205/55R16 za mtumba. Tairi za nyuma ni fupi, zinazunguka haraka kuliko za mbele muda wote, sensa inaamini zinateleza. Mwenyewe alikuwa ameshamwambia fundi wa mtaani achomoe fyuzi ya ABS taa zizimike. Akichomoa ile hana ABS, na ule mgawanyo wa breki za mbele na nyuma haupo, anaendesha gari ambayo breki ya ghafla inaweza kufunga tairi za nyuma kwanza. Ukiona mtu anakushauri fyuzi, ondoa gari yako hapo.

BoxaNne:

Nimefika. Mimi nina Impreza STI GRB, farasi 308, inavuta zote nne. Hii ina batani ya VDC (VSC ya Subaru) yenye hatua tatu: kawaida, ya trakisheni, na kuzima. Ile ya katikati haikati tena nguvu ya injini ila breki za kukusaidia zipo, na ndio ninayoipenda nikitoka kwenye lami, njia za ndani huko Sengerema ile changarawe ya juu ya udongo mgumu, ukiacha ya kawaida kila kilima inakata nguvu nusu ya njia unaishia kurudi nyuma. Na siku hizi Sengerema ni karibu, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwaka 2025, kilomita tatu unazimaliza kabla wimbo haujaisha wakati zamani ulikuwa unakaa unakisubiri kivuko.

Sasa tofauti kubwa na Mark X, na hii isikilizeni vizuri. Ya kuvuta nyuma inakuonya mapema, kama ilivyomwonya kijana, mkia unatoka ukiwa kwenye spidi 30. Subaru haikuonyi. Inaondoka kwenye maji kama lami kavu, unajiona uko salama, unaongeza, unaongeza, halafu unafika kwenye kona au kuna ng'ombe mbele unakanyaga breki, na kwenye breki kuvuta zote hakukusaidii kitu, una tairi nne kama mwenye Vitz. Nilijifunza hilo njia ya Magu, mvua, VDC nimezima, nikaingia kona kwa spidi ambayo gari ya kuvuta nyuma ingekuwa imeshanikatalia zamani. Gari yote ikaanza kusukumwa nje kwa pua, usukani mwepesi mkononi kama umekatika. Nilikwenda kusimama kwenye shamba la pamba. Mwenye shamba alikuja, akaniuliza kama nimeumia kabla hajauliza pamba yake. Nililipa miche yote.

Kwa hiyo kwangu: katikati kwenye vumbi, kawaida kwenye lami, kuzima kabisa sijagusa tangu siku ile.

Dada_Altezza:

Mimi nitapishana nanyi kidogo kaka zangu. Altezza yangu RS200 gia sita za klachi haina hiyo batani kabisa, sina TRC wala VSC, nina ABS na difu (gia inayogawa nguvu kwa tairi za nyuma) ya Torsen basi. Mwaka wa sita huu na sijawahi kuitoa barabarani. Lakini sio kwa sababu mimi ni fundi sana, ni gari yenyewe. Farasi zake 210 ziko juu kabisa kwenye mizunguko 7,600, chini kule ni mpole, kwa hiyo haikushtukizi kama hiyo 335i. Na Torsen inagawa nguvu kwa tairi mbili, wakati difu ya kawaida ukizima TRC nguvu yote inakimbilia tairi moja lenye mshiko mdogo, linazunguka bure unanuka moshi wa raba na hujasogea.

Kwa hiyo swali la kuzima au kutozima bila kutaja gari gani, difu gani, tairi gani, halijibiki.

Ila kijana ninachokushauri usiogope kabisa mpaka usijue gari yako. Nilifundishwa na kaka yangu kwenye kiwanja cha udongo njia ya Kisesa, tulimwomba mwenyewe ruhusa, asubuhi baada ya mvua, spidi 20 mpaka 30 sio zaidi. Unazunguka duara, unaongeza mafuta taratibu mpaka mkia uanze kusogea. Hapo usiachie mafuta yote, unapunguza kidogo kama unavyopunguza koroboi, macho unayapeleka unakotaka kwenda na mikono inafuata macho. Siku ya kwanza nilizunguka kama pia. Siku ya tatu nilianza kuusikia mkia kwenye makalio kabla haujatoka, unakuwa kama kiti kinasogea pembeni chini yako. Hilo TRC haikufundishi kwa sababu inakukata kabla hujalisikia. Na udongo ukilowa unateleza kwa spidi ndogo, hivyo tairi haziliki na gari halipinduki.

Mzee_wa_Mwaloni:

Marahaba vijana. Langu fupi. Nabeba samaki kwa pikapu miaka mingi, gari ikikwama kwenye mchanga wa ziwani zima hiyo TRC, maana inaona tairi linazunguka inaua injini na wewe unahitaji tairi lizunguke lichimbe. Toa upepo kidogo kwenye tairi, ondoka polepole gia ya pili. Ukipanda kwenye lami iwashe na ujaze upepo. Kwingine sijaona faida ya kuizima.

Kijana_wa_Igoma:

Wabeja sana wakuu, na mzee wangu shikamoo. Dada nakuja inbox kuhusu hicho kiwanja, kama mwenyewe bado anaruhusu.

Fundi, nimeenda kuangalia tairi kwa tochi ya simu. Mbele zote mbili ni 1122. Nyuma kushoto ni 0814, nyuma kulia 4116, na sio kampuni moja. Niliziamini kwa sababu kashata zimesimama kabisa, na aliyeniuzia gari aliniambia ni mpya. Nimeziminya kwa kucha, ya kushoto ni ngumu kama soli ya kiatu cha zamani na ina mipasuko midogo midogo kati ya kashata.

Fundi_Nyakato:

Hiyo ya 2014 ina zaidi ya miaka kumi, raba imeshakuwa plastiki. Kwenye maji hiyo haina tofauti na kipara. Usiende nayo Kisesa wala popote, nunua mbili mpya, 215/60R16, kampuni moja, zifungwe nyuma kwa pamoja. VSC iache imewashwa kwa sasa, na hata ikiwashwa ujue haitengenezi mshiko, inagawa ule uliopo tu. Njoo gereji kesho kabla ya saa nne. Na spea itoe uje nayo, tuisome mwaka.