Mjadala: kisu cha kukunja cha mfukoni kwa mtu wa visiwani, chuma kigumu au kisichopata kutu?

Mwanzisha mada, Mkoani

Assalamu alaikum jamani. Hii hoja tumebishana nayo barazani hadi watu wakanuniana, naileta hapa tuimalize au tuendelee kubishana kwa heshima. Mtu wa Pemba au Unguja anataka kisu kimoja tu cha kukunja, akae nacho mfukoni kila siku, kimdumu miaka, achukue kipi? Vijana wanaotazama video wanasema D2, chuma kigumu, makali hayaishi, loki nzito ya kuuzuia ubapa usijikunje, na klipu ya kupachika mfukoni. Mimi nasema kwa sisi tunaokaa na chumvi hicho si kisu cha kudumu, na ntaeleza kwa nini.

D2 asili yake ni chuma cha mashine za kiwandani, vile vifaa vya kukatia na kupigia mabati. Ina kromiamu kama asilimia 12 ndio maana muuzaji anakwambia haipati kutu, lakini kaboni yake nayo ni nyingi, kama asilimia 1.5, na hiyo kaboni inaishika sehemu kubwa ya kromiamu inageuka chembe ngumu ndani ya chuma, makali yanakaa kweli sikatai, ila kromiamu inayobaki huru kukinga kutu haitoshi. Sasa wewe umekatia chambo asubuhi, ukakipangusa kwenye kikoi ukakikunja ukatia mfukoni, kesho yake unaona vidoa vya rangi ya chai vishaanza. Na kibaya zaidi ni kule usikokuona. Kisu cha kukunja hakifi kwenye ubapa, kinafia kwenye bawaba. Maji ya chumvi yanaingia kwenye pini yanakaa mle, kile kibati chembamba cha ndani kinachofanya kazi ya loki kinashika kutu, skrubu zinagoma, na zile beringi ndogo za kukifanya kifunguke haraka zikipata mchanga wa pwani basi kinakwaruza kila ukikifungua. Ubapa bado mkali lakini kisu kishakufa.

Halafu kunoa. Chuma kigumu namna hiyo kinoo cha nyumbani hakikiwezi vizuri, kinataka mawe ya almasi, na wangapi hapa wanayo? Visu vya Victorinox vya Uswisi ugumu wake ni kama 56 kwa kipimo cha Rokweli, D2 inafika 60 na zaidi. Huyo wa 56 anapoteza makali mapema, sawa, lakini dakika chache kwenye kinoo cha mama jikoni yamerudi. Kwangu mimi kisu cha kudumu ni kile ambacho mwenyewe unaweza kukitunza hapa hapa ulipo.

Mchangiaji, Wete

Kaka nakuheshimu lakini umeigeuza hoja. Hizo za Uswisi nyingi hazina loki, na mtu anayefanya kazi ya mkono loki ndio kitu cha kwanza. Mimi msimu wa karafuu nakata kamba za magunia, natoboa, nachonga, ukisukuma ncha na kisu hakina loki kinakukunjikia vidoleni, na damu ya kidole haijali chuma cha Uswisi. Mimi bora ninunue loki nzuri na kutu ntaipangusa mwenyewe. Na kujua chuma kisichopata kutu ni rahisi mno, chukua sumaku, ikinasa ujue ni chuma cha kawaida, isiponasa ndio chenyewe.

Mchangiaji, Jambiani

Mie mkulima wa mwani, wanangu mnabishana mambo ya ubapa laini tu, hakuna aliyesema makali ya msumeno. Kamba ya plastiki ikishalowa ikaota ukungu wa bahari, ubapa laini unateleza juu yake hata uwe mkali vipi, unasukumasukuma mpaka mkono unauma. Msumeno unaingia mara moja. Na mimi kisu changu kinaingia majini na mimi kinatoka na mimi, sina nafasi ya kupangusa pangusa bamvua likirudi. Kisu chenye kutu kwangu hakina maana, hata kiwe na loki ya benki.

Mchangiaji, Unguja mjini

Naona hakuna anayegusa jambo kubwa. Kijana kutembea mjini na kisu mfukoni kila siku kwa nini? Klipu inaonekana nje ya suruali, watu sokoni Darajani wanamtazama kama mhuni, na haki yao. Anayekata chambo awe na kisu chake chomboni, anayekata mwani awe nacho kapuni. Mfukoni kinafanya nini?

Mwanzisha mada, Mkoani

Sheikh wangu wa mjini nianze na wewe maana hoja yako ina uzito. Embe, ndimu, kamba ya mzigo, boksi la dukani, waya wa taa, uzi wa kanzu uliochomoza, hizo ndizo kazi za kisu cha mfukoni na ziko mjini kama ziko shamba. Lakini kisu cha kazi hizo hakitaki kuwa kirefu, ubapa mfupi kuliko upana wa kiganja unatosha, hakitaki kuruka kwa spiringi, na klipu mimi sitaki kabisa, inachana mfuko wa kanzu na inatangaza kitu ambacho hakina haja ya kutangazwa. Kiwe kidogo kikae chini ya mfuko na funguo. Na ukienda uwanja wa ndege kitie kwenye begi la kupakiwa, mkononi watakichukua tu na usilaumu mtu.

Ndugu yangu wa Wete, hapo pa sumaku sikubaliani na ni jambo linalowapoteza wengi madukani. Vyuma visivyopata kutu vya kutengenezea visu karibu vyote vinanasa sumaku, kwa sababu ni vile vinavyokubali kukazwa kwa moto. Visivyonasa ni vile vya vijiko na masufuria, na kwa kawaida hivyo havikazwi kwa moto, makali hayakai. Kwa hiyo ukifuata sumaku utakitupa kisu kizuri ukachukua kijiko. Jaribu ndimu: kamulia tone kwenye ubapa, liache usiku kucha, asubuhi pakiwa peusi au pana alama ya kahawia jua chumvi itafanya hivyo hivyo.

Kuhusu loki una haki kwa kazi zako, ukisukuma ncha loki inahitajika. Ila si lazima iwe ile ya kibati cha ndani. Visu vya Opinel vya Ufaransa tangu 1955 vina pete nje ya mpini, unaizungusha kwa kidole ubapa unakaza, hakuna kitu kilichojificha ndani, ukitaka kuiosha unaiona yote. Chukua ile iliyoandikwa inox, yaani isiyopata kutu, usichukue ya kaboni, ile ya kaboni inanoleka raha lakini hapa kwetu inaomba mafuta kila siku. Kasoro yake ni mpini wa mti, masika unavimba na ubapa unakwama kufunguka, basi ukaushe na uupake mafuta kabla mvua hazijaanza. Ubapa wake haufiki milimita 2 unene, ndio maana unakata embe badala ya kulipasua, visu vinene vya video vinapasua tu.

Bi mkubwa wa Jambiani, kwako wewe jibu ni jengine kabisa na msumeno nakuunga mkono. Kuna chuma kinaitwa H1 na chengine LC200N, sehemu ya kaboni imebadilishwa naitrojeni, vinakaa baharini bila kutu, na Spyderco wanatoa visu vya kukunja vya namna hiyo, hata vya msumeno, wanaviita Salt. Ila bei yake ni kubwa mno kwa kamba za mwani, na kisu kikidondoka majini kimeenda. Kwa kazi yako mimi ningechukua kisicho cha kukunja, cha bei nafuu, nikakifunga kamba kiunoni.

Kwa wengine wote nashikilia pale pale. Chuma laini kidogo kisichopata kutu, au kama unataka cha kati tafuta kilichoandikwa 14C28N cha Sweden, ubapa mwembamba, bawaba unayoweza kuiosha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na kuitia tone la mafuta ya cherehani. Na anayetetea D2 aliyekaa nayo kwenye dau msimu mzima wa kaskazi, afungue skrubu apige picha ndani ya bawaba aiweke hapa tuione.