Wakala katuuzia "mchanga mweupe wa Nice". Arudishe pesa za mama yangu!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Septemba iliyopita nilimpeleka mama Ufaransa, ile pwani ya kusini wanayoiita Côte d'Azur, mji wa Nice. Mama ni mwalimu mstaafu, ana miaka 66, mzaliwa wa Pangani. Tangu tuko wadogo alikuwa akisema siku moja aione bahari ya Ulaya. Nimedunduliza miaka minne. Nikamlipa wakala mmoja wa safari hapa Dar milioni 19 na laki nne kwa watu wawili, visa na tiketi humo humo. Jina lake silitaji hapa, nitalitaja mbele ya wanaohusika. Tangazo lake la WhatsApp lilikuwa na picha ya mchanga mweupe kama wa Nungwi, chini limeandikwa: "Nice, siku saba, hoteli hatua chache kutoka ufukweni."

Ufukwe wa Nice hauna mchanga, jamani. Kuanzia mwanzo hadi mwisho wa Promenade des Anglais, ile barabara yao maarufu ya kando ya bahari, chini ni mawe matupu. Mawe ya kijivu ya mviringo, mengine ukubwa wa ngumi, yaliyoletwa na mito kutoka milimani. Kwa macho pazuri, sikatai, maji yake yana ubuluu ambao sijauona kwingine. Lakini kuingia pekupeku ni mateso, halafu ukipiga hatua chache tu kina kinadondoka. Wenyeji wanavaa viatu vya mpira vya majini. Hili analijua kila aliyefika Nice hata kwa siku moja. Wewe unayeuza Nice kwa mamilioni usilijue?

Mama ana matatizo ya magoti. Nilimwambia wakala kwa maandishi, meseji ninayo, na akajibu "usijali dada, ni mchanga laini". Siku ya kwanza mama alisimama juu ya yale mawe kanishika mkono kwa nguvu, anatafuta pa kukanyaga, mawimbi yanavuta mawe chini ya miguu yake. Alijaribu mara mbili. Ya tatu akasema turudi tu, mwanangu.

Mwongoza watalii wao akatuambia ufukwe wote ule ni wa kulipia, akakusanya euro 30 kwa kila mtu za viti vya kulalia. Siku mbili mfululizo, euro 120 zimekwenda. Kumbe ni uongo! Sheria ya Ufaransa ya pwani ya mwaka 1986 inasema fukwe ni za umma, bure. Wanaokodisha viti wanapewa vipande tu. Jirani kabisa na viti vyetu watu walikuwa wametandika taulo zao, wanakula mikate yao, hakuna aliyewadai hata senti.

Hoteli nayo haikuwa Nice. Ilikuwa Carros, juu huko kwenye bonde la mto Var, katikati ya maghala na viwanda. Bahari huioni wala huisikii. Kila asubuhi karibu saa nzima kwenye basi.

Kilichonikata maini zaidi ni Èze. Hiki ni kijiji cha kale cha mawe kilichojengwa kileleni, zaidi ya mita 400 juu ya bahari, na mama alikuwa amekisoma kabla ya safari, ana hamu nacho. Stesheni ya treni iko chini kabisa, usawa wa bahari. Mwongoza watalii akatushusha pale, akaonyesha njia ya mguu, "kijiji kiko hapo juu tu", yeye akaenda zake Monaco na kundi la vijana. Ile njia ni zaidi ya saa nzima ya kupanda, mawe na ngazi, jua la mchana. Mama alipanda dakika 20, akakaa kwenye jiwe, hakusema kitu. Tukashuka polepole, kajishikiza begani kwangu. Èze hatukuiona. Na basi la kutoka Nice hadi mlangoni pa kijiji lipo, niliulizia baadaye!

Jumanne tukapelekwa makumbusho ya Matisse, yule mchoraji wao maarufu. Jumanne hufungwa. Sina la kuongeza hapo.

Siku ya sita nikaachana nao. Nikamchukua mama, tukapanda treni hadi Antibes, haifiki hata nusu saa kutoka Nice. Nje ya kuta za mji wa zamani kuna kifukwe kidogo kinaitwa La Gravette. Mchanga, maji yametulia. Mama akavua kandambili, akaingia na dera lake mpaka kiunoni, akakaa majini muda mrefu anacheka peke yake. Alipotoka akaniuliza, "Kumbe mchanga upo?" Upo, mama. Ulikuwepo siku zote sita, kwa nauli ya euro chache, na mtu niliyemlipa mamilioni hakujishughulisha kuutafuta.

Tumerudi, nikamdai. Jibu lake: "Dada, bahari ni bahari, mbona picha mmepiga nzuri." Nilipotaja tofauti ya bei ya hoteli akanibloku.

Ninachodai ni euro 120 za viti, tofauti ya hoteli kwa usiku wote saba, na amwombe radhi bi mkubwa kwa sauti yake mwenyewe, siyo kwa meseji. Kama kuna mwingine aliyeuziwa safari kwa tangazo hilo la mchanga mweupe, aje PM tuunganishe madai. Mkataba ninao, risiti za benki ninazo. Jumatatu asubuhi naanzia Tume ya Ushindani.