Tupeane uzoefu: siku tairi lilipokutia adabu barabarani

Wakuu, salaam. Naanza na langu, kila mwenye lake ashushe.

Desemba 2022 tulikuwa tunakwenda Dodoma kwenye harusi ya mdogo wake shemeji yenu. Toyota IST, watu watano, buti limejaa, sufuria mbili za mama mkwe juu ya mizigo. Tumeshaipita Gairo, jua la saa nane, natembea kwenye 110 hivi. Nikaanza kusikia kitu kinapiga makofi chini ya siti ya nyuma, pa-pa-pa, nikadhani mzigo umelegea. Kabla sijauliza, mlio kama baruti, na nyuma ya gari ikaanza kwenda inakotaka. Nilichofanya sawa siku ile ni kimoja tu: sikukanyaga breki. Nilikaza usukani kwa mikono miwili, nikatoa mguu kwenye mafuta, gari likapoa lenyewe mpaka pembeni. Shemeji yenu hakusema neno. Mama mkwe alisema yote.

Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limechanika ubavuni karibu mzunguko mzima, lakini kashata (yale meno yanayokanyaga barabara) zimejaa, ungeweza kulipiga picha ukaliuza. Hapo ndipo paliponiuma, maana matairi yale niliyanunua ya mtumba miezi saba nyuma kwa ajili ya kashata hizohizo. Dereva wa lori aliyesimama kutusaidia wala hakuziangalia. Aliinama, akafuta vumbi ubavuni kwa kidole gumba, akanionyesha tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 1109. "Wiki ya 11, mwaka 2009. Bwana mdogo, hili lina miaka kumi na tatu." Nilipolitazama vizuri, ubavu ulikuwa na nyufa ndogondogo kama kisigino cha mtu anayetembea peku.

Halafu spea. Si mnaijua ile nyembamba iliyoandikwa usizidishe 80? Ilikuwa imelala chini ya buti tangu gari litoke bandarini. Inataka upepo wa psi 60, yangu ukiibonyeza kwa kidole inaingia. Yule yule dereva akavuta mpira wa upepo kutoka kwenye lori lake akaijaza. Tulifika wanakata keki.

MamaVitz:
Pole kaka. Langu halikupasuka ila liliniibia hela. Nilipata pancha, kijana wa kijiweni akaziba, akajaza upepo matairi yote manne kwa kukadiria, akayapiga teke, akasema "safi dada." Nikatembea hivyo miezi. Gari linadunda kama linacheza rede, mimi nalaumu shokomzoba. Kuja kuangalia, matairi yameliwa katikati, pembeni bado mapya. Fundi mmoja akapima: psi 46! Stika ya Kijapani kwenye nguzo ya mlango wa dereva inasema kPa 220. Ukigawa kwa 6.9 unapata psi kama 32.

Nikanunua geji yangu ndogo, nikajiona mjanja. Siku nimetoka Kibaha na foleni na joto, napima nakuta 36. Nikapunguza hadi 32. Kesho yake asubuhi nakuta 28. Kumbe tairi likipata moto upepo unapanda wenyewe, unapima gari likiwa limelala. Sasa napima Jumapili kabla ya kwenda kanisani, jirani ananiuliza kama nimefungua gereji.

Mzee wa Kitonga:
Nyie wa gari ndogo mna raha, ikipasuka mnaisikia. Mimi naendesha lori, nyuma tairi zimefungwa mbilimbili. Moja ikiisha upepo hujui, mwenzake anabeba mzigo wa wawili, anapata moto, na ile iliyolala inakunjwakunjwa mpaka inafuka moshi. Niliwahi kupigiwa honi kabla ya kuanza kupanda mlima Kitonga, nashuka nakuta inanuka raba ya kuungua na kamoshi kanatoka. Tulimwagia maji madumu mawili tuliyokuwa nayo ya kunywa. Tangu siku hiyo kila nikisimama natembea na kipande cha nondo, nagonga moja moja. Yenye upepo inarudisha nondo na mlio wake unaitika. Iliyokufa inasema "dufu". Na hapo katikati ya mbili chungulia, jiwe likibana humo litakula ubavu wa zote.

Msifunge mpya na nzee pamoja upande mmoja. Mpya ni ndefu kidogo, ndiyo itabeba kila kitu.

Pancha Boy:
Mimi ndiye yule kijana wa kijiweni 😂 Dada, ukija bila kutaja namba tutakupa tunayoijua sisi. Tena mteja akiniletea tairi lenye msumari begani au ubavuni nikimwambia haliponi ananuna, anakwenda kwa jirani anachomekewa kile kikamba cha raba. Pale tairi linapinda kila mzunguko, kikamba hakikai. Katikati ya kashata sawa, nakuzibia.

Kingine bure: tairi linapungua kidogokidogo na msumari hauonekani? Paka mate kwenye valvu. Ukiona povu, valvu ndiyo mwizi.

Wa Voi:
Huku kwetu Mombasa Road niligonga shimo moja usiku, rimu haikupinda, nikasahau. Baada ya wiki kadhaa usukani unavutia kushoto. Kwa nje tairi sawa kabisa. Nilipoinua gari na jeki nikapitisha mkono upande wa ndani, limeliwa mpaka nikachomwa na waya. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yakae sawa, ingenigharimu kidogo sana kuliko tairi mbili za mbele. Siku hizi nageuza usukani mpaka mwisho nikiegesha, nione ndani bila kupiga magoti.

Kimya Kimya:
Nimesoma nikatoka nje na tochi ya simu. Matatu ni 2021. La mbele kulia 3213. Kashata nzuri kabisa, na kesho alfajiri naelekea Tanga.

Mwanzisha uzi:
Mkuu, panda basi.

Kimya Kimya:
Na basi nalo nikaligonge kwa nondo?

Mzee wa Kitonga:
Gonga. Dereva akiuliza, sema nimekutuma mimi.